Uzuri wa Mkakasi? Upokezi wa Filamu ya Equilibrium kwa Watazamaji

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ilitajwa na mwenzetu mmoja jioni moja ya muhula uliopita. Tulikuwa wanafunzi wanane wa uzamili, tumejikusanya mbele ya tarakilishi moja katika ukumbi wa bweni, na tulikuwa ndio kwanza tumekwisha kutazama filamu iitwayo Equilibrium, yaani 'msawazo'. Aliyeitaja methali hiyo alishikilia kwamba filamu ile ni sura tupu, haina kiini. Mwingine alimjibu kuwa hajapata kuona filamu ya kisayansi iliyomgusa kiasi kile. Wa tatu, mwanafunzi wa fizikia, hakuacha kucheka tangu vita vya kwanza hadi vya mwisho. Mjadala uliendelea hadi usiku wa manane, na hakuna aliyeshinda.

Makala haya hayakusudii kumpa yeyote ushindi. Lengo lake ni kueleza ni vipi kazi moja ya sanaa yaweza kuzua hukumu zinazokinzana namna ile, na ni nini kinachompata mtazamaji anapokutana na kazi iliyopambika kifani lakini yenye nyufa katika msuko wake. Wanafunzi wa fasihi tuna haja ya kulijua jambo hili, kwani nyufa hazimo katika filamu pekee. Zimo pia katika riwaya na tamthilia tunazozihakiki kila siku.

Filamu Yenyewe

Equilibrium iliandikwa na kuelekezwa na Kurt Wimmer, na ilianza kuonyeshwa katika kumbi za sinema za Marekani mwezi wa Disemba mwaka 2002. Kisa kinatokea katika dola ya kubuni iitwayo Libria, iliyoasisiwa baada ya Vita vya Tatu vya Dunia. Watawala wa Libria wanaamini kwamba chimbuko la vita ni hisia za binadamu. Kwa hivyo kila raia analazimika kujidunga dawa iitwayo Prozium kila siku kwa saa maalumu ili hisia zake zife. Chochote kiwezacho kuziamsha, kiwe kitabu, mchoro au santuri, huteketezwa, na anayekificha hulipa kwa uhai wake. Mapema katika filamu tunaushuhudia mchoro wa Mona Lisa ukichomwa moto.

Mhusika mkuu ni John Preston, anayeigizwa na Christian Bale. Yeye ni 'kasisi' wa dola, yaani askari wa cheo cha juu aliyefunzwa kuwasaka wenye hatia ya kuhisi. Mkewe alikwisha kuuawa kwa hatia hiyo hiyo, naye Preston hakutikisika. Anapogundua kwamba mwenzake wa kazi, Partridge (Sean Bean), amebakia na kitabu cha mashairi ya W. B. Yeats, anamfuata hadi katika magofu ya kanisa. Partridge anakiinua kitabu kikauficha uso wake, na risasi ya Preston inapenya kurasa za mashairi kabla ya kumfikia msomaji. Siku chache baadaye kichupa cha dawa kinamvunjikia Preston, anakosa kujidunga, na hisia zinaanza kumrudia.

Mambo Yanayosifiwa

Wanaoipenda filamu hii huanza na mandhari. Sehemu kubwa ilipigwa mjini Berlin, nchini Ujerumani, ukiwemo uwanja uliotumika katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1936. Majengo makubwa ya mawe, rangi ya kijivu na safu za watu wanaotembea bila kutazamana vinamweleza mtazamaji maana ya kuishi bila hisia kabla mhusika yeyote hajafumbua kinywa. Preston anapoanza kuhisi, rangi na mwanga wa jua huingia katika picha polepole. Hapa fani imebeba maudhui, wala haikuwekwa kama pambo tu.

Jambo la pili ni mtindo wa mapigano uitwao gun kata. Neno kata limetoka katika sanaa za mapigano za Kijapani, na maana yake ni mfuatano maalumu wa miondoko. Filamu inadai kwamba makasisi wamechunguza maelfu ya mapambano ya bastola, wakatambua mahali risasi zinapoelekea kupita, na hivyo hujua pa kusimama wasidhurike. Watazamaji wengi wanakiri kuwa hawajaona mapigano ya bastola yaliyopangwa mithili ya ngoma kama yale.

Jambo la tatu ni uigizaji. Bale ana kazi ngumu ya kuonyesha hisia zinazofufuka katika uso usioruhusiwa kuzionyesha. Tukio ambalo takribani kila mtazamaji hulikumbuka ni lile anapoiweka santuri ya Beethoven, akasikiliza, na machozi yakamlengalenga asijue la kuyafanyia.

Kasoro Zinazotajwa

Lawama ya kwanza ni uigaji. Makoti meusi na mapigano yake viliwakumbusha wengi The Matrix, filamu ya mwaka 1999. Uchomaji wa vitabu umo katika Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury (1953), kiongozi anayewatazama raia kutoka kila ukuta yumo katika riwaya ya George Orwell ya mwaka 1949, na dawa ya kuwatuliza watu imo katika Brave New World ya Aldous Huxley (1932). Mtetezi atasema huu ni mwingilianomatini, na kwamba hakuna matini inayozaliwa ukiwa. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Mwingilianomatini huzaa pale matini mpya inapoijibu ile ya kale, na ni haki ya mtazamaji kuuliza kama Wimmer amejibu au amekopa tu.

Lawama ya pili ni ukinzani wa ndani. Brandt (Taye Diggs), mshirika mpya wa Preston, anatabasamu, anakasirika na kuonyesha uchu wa cheo. Je, si raia wa Libria huyu? Kwa upande wa DuPont, mtawala, filamu inatupa jibu: ofisi yake imejaa sanaa, ishara kwamba sheria anayowatwika wengine haimhusu. Kwa Brandt hatupewi jibu la wazi.

Lawama ya tatu ni ya kisayansi, ile iliyomchekesha mwanafizikia wetu. Risasi haifuati takwimu za mapambano yaliyopita. Inafuata mkono wa mpigaji aliyepo.

Lawama ya nne, ambayo naiona nzito kuliko zote, ni ya kimaadili. Filamu inayohubiri thamani ya kuhisi inamalizika kwa shujaa kuua walinzi wengi bila simanzi, nasi tunashangilia. DuPont mwenyewe anauliza swali hilo kabla hajafa: yeye ni kiumbe hai anayehisi, je, damu yake ni bei inayostahili? Preston anaikubali bei hiyo mara moja. Filamu iliuliza swali zito, kisha ikalijibu kwa bastola.

Hukumu hizi zilijitokeza tangu mwanzo. Filamu iligharimu takribani dola milioni 20, ikaingiza takribani milioni 5 tu katika kumbi za sinema. Wahakiki wengi waliikemea, ingawa Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times aliipa nyota tatu kati ya nne. Ilipotoka katika diski za kutazamia nyumbani ilijipatia wapenzi wasiohesabika, na hadi leo watazamaji wa kawaida huipokea kwa moyo mkunjufu kuliko wahakiki.

Nadharia ya Upokezi Inatwambiaje?

Hans Robert Jauss, mmoja wa waasisi wa nadharia ya upokezi, alieleza kuwa kila msomaji huijia kazi akiwa na upeo wake wa matarajio, uliojengwa na kazi alizokwisha kuzipokea. Mhakiki aliyesoma Orwell na Bradbury aliiona Equilibrium kuwa mwangwi. Kijana ambaye hakuwa amewasoma aliisikia kama sauti ya kwanza. Hakuna aliyedanganya baina yao.

Upeo wetu sisi nao una mchango wake. Aliyelelewa na visa vya Fumo Liyongo hawezi kucheka gun kata kwa wepesi. Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na hakuna msikilizaji wa kisa hicho aliyewahi kudai ithibati ya daktari. Shujaa wa kitendi ana kanuni zake. Zaidi ya hayo, Liyongo aliuawa na mwanawe. Preston naye ana mwana, Robbie, anayefunzwa kuwa kasisi na anayemhoji babake kuhusu dawa kwa macho makavu. Baadhi yetu pale bwenini tulikuwa na hakika kwamba mtoto yule ndiye atakayemsaliti. Kumbe Robbie ameacha dawa zamani, na ndiye aliyevihamisha vichupa alivyovificha babake kabla ya wapekuzi kuvifikia. Mtazamaji wa Marekani huenda alishangaa kidogo. Sisi tulishtuka, kwa kuwa tulitarajia sindano.

Wolfgang Iser kwa upande wake alizungumzia mapengo, yaani yale ambayo matini haiyasemi na ambayo msomaji hulazimika kuyajaza. Tabasamu la Brandt ni pengo. Wapo wanaolijaza kwa kusema naye haitumii dawa, na wapo wanaosema anaiga hisia ili kumtega Preston. Wengine hukataa kulijaza na kuliita kosa. Hapa ndipo siri ya hukumu zinazokinzana ilipo. Mtazamaji aliyevutiwa na kazi huigeuza kasoro kuwa pengo, akalijaza kwa hiari. Asiyevutiwa hulihesabu pengo lile lile kuwa kasoro. Kwa hivyo mtindo si ganda la kutupwa. Mtindo ndio unaomshawishi mpokezi aikopeshe kazi imani yake. Hata hivyo mkopo una kikomo, na lawama ile ya kimaadili ni deni ambalo mtindo peke yake hauwezi kulilipa.

Hitimisho

Je, mkakasi huu una nini ndani? Kwa maoni yangu, mna kipande cha mti katika msuko, lakini mna pia swali lisilooza. Nakiri jambo moja. Nilipoliona tukio la santuri nilifadhaika kwa sababu isiyohusu Libria. Nilikuwa nimeisoma Sauti ya Dhiki mara tatu kwa ajili ya mitihani. Mashairi hayo Abdilatif Abdalla aliyaandika kwa siri katika karatasi za msalani, akiwa kifungoni kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi cha kisiasa, nayo yakachapishwa mwaka 1973. Mimi niliyahesabu mizani, nikaainisha bahari zake, nikaorodhesha tamathali, nikapata alama nzuri. Sikumbuki kama niliwahi kumsikitikia mfungwa. Hakuna dola iliyonidunga dawa.

Usiku ule, wenzangu walipokwenda kulala, niliifungua diwani hiyo tena bila kalamu mkononi. Filamu yenye nyufa ndiyo iliyonirejesha kwayo. Sidai kwamba tuache kuhesabu mizani, kwani uhakiki ni kazi yetu na nyufa hatuna budi kuzitaja. Ninalowaomba wanachama wenzangu ni kwamba, kabla ya kuandika 'kazi hii ina udhaifu ufuatao', kila mmoja ajiulize kwanza kazi hiyo ilimfanya nini. Jibu hilo nalo ni sehemu ya tahakiki.