Kufungua faili za ofisini ukiwa nyumbani: Njia ipi salama?

Mhasibu yuko nyumbani Mbezi, faili la mishahara liko kwenye seva ya ofisi Posta, na bosi analitaka leo. Njia za kulifikia zipo nyingi. Shida ni kwamba baadhi zinamfungulia mlango na mwizi pia.

Kongwe kati ya hizo ni FTP, iliyobuniwa mwaka 1971, enzi ambazo watumiaji wa mtandao walikuwa wachache na waliaminiana. FTP ya kawaida hutuma jina, nenosiri na faili lenyewe bila kuficha chochote. Aliyejipenyeza kwenye Wi-Fi ya mgahawa anasoma kila kitu, kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 2021 Chrome na Firefox ziliachana nayo kabisa, lakini bado kuna ofisi zinaing'ang'ania, eti "mbona inafanya kazi".

SFTP inafanana nayo jina tu. Yenyewe hupita ndani ya SSH, teknolojia aliyoibuni Mfini Tatu Ylönen mwaka 1995 baada ya manenosiri kuibiwa kwenye mtandao wa chuo chake Helsinki. Kila kinachopita hugeuzwa msimbo usiosomeka njiani. Na badala ya nenosiri unaweza kutumia ufunguo wa kidijitali, ambao hakuna mdukuzi atakayeubahatisha kama anavyobahatisha "Kampuni2024".

Halafu kuna SMB, yaani zile folda za pamoja za Windows. Ndani ya ofisi hazina neno. Kosa ni kuufungua mlango wake, namba 445, moja kwa moja kwenye intaneti ili walio mbali waingie kirahisi.

Kirusi cha WannaCry kilipita hapo hapo Mei 12, 2017. Kilifunga faili za watu na kudai fidia katika nchi zaidi ya 100, na Uingereza hospitali za umma zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kinachouma zaidi, Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu hilo tangu Machi. Waliochelewa kusasisha ndio walioumia.

Dawa ya folda hizo ni VPN: handaki la siri linalomfikisha mfanyakazi mtandao wa ofisi, kisha ndipo anafungua folda. Lakini VPN yenye nenosiri pekee haitoshi. Aprili 2021, wadukuzi waliingia Colonial Pipeline, kampuni kubwa ya bomba la mafuta Marekani, kupitia akaunti ya VPN isiyokuwa na uthibitisho wa hatua ya pili, kama ile kodi ya kwenye simu. Bomba likasimamishwa kwa siku kadhaa, na kampuni ikalipa fidia ya dola milioni 4.4.

Kwa hiyo kwa kutuma na kupokea faili, SFTP yenye ufunguo inatosha ofisi nyingi. Kwa kazi za kila siku kwenye folda za pamoja, VPN yenye hatua ya pili, na kila mtu aone folda zinazomhusu tu.

Kesho muulize jamaa wa IT kama milango namba 21 na 445 inaonekana kutoka nje. Muulize pia kuhusu akaunti za walioacha kazi, maana ile ya Colonial ilikuwa haitumiki tena. Hakuna aliyekumbuka kuifunga.