Kwa Nini Uvimbe Hurudi

Bibi mmoja wa Kakuma ametuandikia kwamba miaka kadhaa iliyopita alipasuliwa tumbo, akatolewa mfuko wa maji uliokuwa umekaa katika ini lake, akaambiwa amepona, akarejea kwa mbuzi wake. Na sasa upande ule ule umeanza kujaa tena, naye auliza ni kosa gani alilolitenda, kwa kuwa jamaa zake wanasema amevunja mwiko, na yeye mwenyewe usiku hukesha akijihesabia vyakula alivyokula na mizigo aliyojitwika. Swali lake lastahili jawabu refu, maana aghalabu mgonjwa wa maradhi haya huhubiriwa kinga tu, kwamba aoshe mikono na asimkaribishe mbwa chomboni. Maneno ya kweli hayo, walakini hayamfai kitu yule aliyekwisha kupatwa, akatibiwa, kisha akarudiwa.

Maradhi yenyewe huletwa na tegu mdogo wa mbwa, Echinococcus granulosus, asiyefikia hata sentimita moja kwa urefu, ambaye mayai yake mtu huyameza pasi na kujua. Kaskazini-magharibi ya Turkana, katika nchi inayopakana na Sudan Kusini, ndiko kulikohesabiwa wagonjwa wengi kupita kokote ulimwenguni: uchunguzi uliotangazwa mwaka 1982 ulikadiria wagonjwa wapya zaidi ya 200 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na mwaka uliofuata shirika la AMREF likaanza huko kazi ya kuwapima watu, kuwapasua wagonjwa na kuwapa mbwa dawa. Sababu za wingi huo zimekwisha kuandikwa mara nyingi, nami sitazikariri.

Linalonishughulisha ni jambo linalotokea ndani ya mfuko. Yai likiisha kupasuka utumboni, kijidudu kilichomo hutoboa ukuta, kikachukuliwa na damu hadi ini, au pengine pafu, na hapo kikajigeuza mfuko wa maji maangavu wenye kuta mbili: wa nje mnene, usio na uhai, tabaka juu ya tabaka, na wa ndani mwembamba mno, ulio hai, nao ndio uzaao. Huzaa vijikichwa vidogo kupita kiasi, vyenye taji la kulabu na vinyonyeo vinne, ambavyo wataalamu huviita protoskoleksi, nami nitaviita vichwa-mbegu, kwa kuwa kila kimoja ni kichwa kamili cha tegu ambaye kiwiliwili chake hakijaja bado.

Ajabu ni kwamba kichwa-mbegu kimoja, kisichobadilika chochote katika asili yake, kina njia mbili za maisha mbele yake. Mbwa akikila, hujitokeza, hujishika katika ukuta wa utumbo, hurefuka pingili kwa pingili, kikawa tegu mzima. Kikimwagika ndani ya tumbo la binadamu, nje ya utumbo, hughairi safari yote hiyo, hupoteza kulabu zake, huvimba, hujijengea ukuta wa matabaka, kikawa mfuko mpya ambao nao utazaa vichwa-mbegu vyake. Hajapata kunipendeza mnyama kama huyu, aliyefika ukingoni mwa utu uzima kisha akaweza kurudi nyuma na kuanza upya. Na anajuaje yuko wapi? Mwaka 1967 mtaalamu J. D. Smyth alionyesha kwamba vichwa-mbegu vikilelewa katika maji ya lishe peke yake huwa mifuko, lakini chini ya maji hayo hayo pakiwekwa tabaka gumu la seramu ya ng'ombe iliyogandishwa, vitakavyoligusa hushika njia ya utegu. Na mwaka 1985 yeye na Calum Macpherson wakawalea vivyo hivyo tegu waliotokana na binadamu, ngamia, ng'ombe, kondoo na mbuzi wa Kenya. Kiumbe kisicho na macho hupapasa, na kwa kupapasa kikajua kama kimefika kwa mbwa au kimepotea kwa mtu.

Bibi wa Kakuma na aufikirie mfuko huo kama boma la kwao, lililozungushiwa miiba, na ndani yake wenyeji wanazaa na kulea, huku askari wa mwili wakilizunguka usiku na mchana bila kupata upenyo. Siku boma likivunjwa kwa ghafula, iwe kwa upasuaji, au kwa kuanguka, au kwa pigo la tumbo, watoto hutoka mbio kila mmoja upande wake, wakajificha vichakani, wala hapana awaonaye. Miaka ipite, na kila aliyenusurika atakuwa na ua wake wa miiba na aila yake. Ndiyo maana tabibu mpasuaji hulizunguka boma kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali kabla ya kuligusa. Ndiyo maana pia ikabuniwa njia nyingine, ambayo Turkana ni miongoni mwa mahali ilikotumiwa mapema, ya kupenyeza sindano uani, kuyavuta maji, kumimina chumvi kali au spiriti, kungoja, kisha kuvuta tena, ili wenyeji wafe wote hali ua ungali umesimama. Na kuna boma ambalo ndani yake wana wamekwisha kujijengea maboma madogo ya kwao, kila mmoja na miiba yake; huko sindano ikiifikia nyumba moja haizifikii nyingine, na mifuko ya namna hii ndiyo mashuhuri kwa kurudi baada ya dawa.

Basi mwiko hauna nafasi hapa, wala mzigo wa kuni, wala chakula. Yamkini kichwa-mbegu kimoja kisichoonekana kwa jicho kilitoroka zamani, na kimya cha miaka iliyofuata kilikuwa ni muda wa kujenga.

Sasa bibi huyu afanye nini? Kwanza arudi kupigwa picha ya mawimbi ya sauti, jambo ambalo watu wa Turkana walilipata hata katika kambi za wafugaji tangu miaka ya 1980, wakati mashine za kubebeka zilikuwa ngeni popote. Picha hiyo haipimi ukubwa peke yake. Mfuko ulio hai huonekana mweusi, umejaa maji. Unaokufa hukunjana ndani, hujaa vitu vizito, hatimaye hugeuka chokaa, na huenda ukabaki na ukubwa ule ule miaka mingi bila kudhuru, hata mgonjwa akadhani amerudiwa hali anabeba kaburi tu. Ikiwa uhai umo, iko albendazole, hunywewa kwa miezi kadhaa, nayo huingia mwilini vizuri zaidi ikiandamana na mafuta, kwa hiyo maziwa yenye mafuta na samli ni sehemu ya tiba. Masharti yake kwa ini na kwa mja mzito tabibu atayaeleza. Baada ya hapo picha zikaririwe kila mwaka, hata miaka kumi, kwa kuwa hali ya mfuko huweza kugeuka nyuma kabla mgonjwa hajahisi lolote.

Liko jambo ambalo hakuliuliza, nami nalitaja kwa ajili ya wanawe. Si kila uvimbe wa pili ni mtoro wa ule wa kwanza. Huenda ni yai jipya, lililotoka kwa mbwa wa boma lile lile, na mwili ulioponywa mara moja haukupata kinga ya kudumu. Kwa hiyo siku atakayokwenda kupigwa picha mjini Lodwar asiende peke yake: awachukue wanawe, na mama yake akiwa hai, na kila aliyekula katika chungu kimoja naye miaka hiyo, hata wasiosikia maumivu yoyote, walale mezani zamu kwa zamu.