Hatimiliki ya sandukuni na daftari la msajili: kweli au si kweli?

Katika nyumba nyingi za Kenya, hati ya shamba hulazwa chini kabisa ya sanduku, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kuitunza ni busara. Ila ugomvi ukizuka, msajili wa ardhi hafungui sanduku lako. Hufungua daftari lake.

"Tuliandikiana mbele ya chifu, akapiga muhuri. Shamba ni langu."
SI KWELI. Muhuri wa chifu hauhamishi shamba. Karatasi ile, ikiwa na saini za pande zote na mashahidi, ni mkataba tu: inakupa haki ya kumdai muuzaji. Umiliki huhama jina lako linapoingia daftarini. Kama ni ardhi ya kilimo, idhini ya Bodi ya Ardhi huombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Kisha kuna ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, asilimia 2 mashambani.

"Ofisi ya ardhi iko katika kaunti yetu, basi ni ya gavana."
SI KWELI. Msajili ni wa Wizara ya Ardhi, yaani serikali kuu. Kaunti hutoza kodi ya viwanja, ile wengi huiita reti, nayo ndiyo hutoa cheti kwamba hudaiwi. Foleni mbili, serikali mbili.

"Hati ikiungua, shamba limekwenda."
SI KWELI. Unaripoti polisi, unaapa kiapo, msajili anatangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali. Siku 60 zikipita bila pingamizi, unapewa hati mpya. Vivyo hivyo, aliyeiokota hati yako hajapata shamba.

"Nimeiona hati ya muuzaji kwa macho yangu. Inatosha."
SI KWELI. Hati husema yaliyokuwapo siku ilipochapishwa. Zuio lililowekwa jana halimo. Omba taarifa rasmi kwa msajili. Kadi ya kijani, yaani ukurasa wa shamba hilo daftarini, ina sehemu tatu: ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe, ya pili wamiliki waliofuatana, ya tatu mizigo yake, kama mkopo wa benki. Wengi huishia ya pili. Soma ya tatu.

"Jina langu likishaandikwa, hakuna wa kunigusa."
NUSU KWELI. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inakuhesabu kuwa mmiliki, lakini hati iliyopatikana kwa ulaghai au kinyume cha taratibu yaweza kufutwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha ufukweni Nyali, Mombasa: mnunuzi alikuwa na hati mkononi, lakini ardhi ilikuwa ya umma tangu mwanzo na ugawaji wake wa kwanza haukufuata sheria. Hati haikumwokoa. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba ardhi ya ukoo iliyoandikwa kwa jina la mmoja yaweza kuwa amana ya wengine kwa mila, hata kama daftari halisemi.

Kwa hiyo ukitoka kwa msajili, usipande matatu ya kurudi nyumbani. Fika shambani, msalimie mzee anayepalilia mahindi, umuulize analima hapo tangu lini, na kwa ruhusa ya nani.