Korido ya Milimani na Saa Moja Jioni

Kabla ya Machi 2020, aliyetaka kuona jinsi sheria inavyofanya kazi Nairobi hakuhitaji hata kuingia chumba cha mahakama. Ilitosha asimame kwenye korido ya Mahakama ya Milimani asubuhi, kesi zikikaribia kuanza kutajwa. Hapo mawakili wa pande mbili walikubaliana kwa sauti ya chini kuahirisha shauri. Wakili kijana alimshikia mwenzake kesi kwa kuwa mwenzake amekwama kwenye msongamano wa Mombasa Road. Karani mmoja, na huyo mmoja tu, ndiye aliyejua faili iliyopotea imelala chini ya meza gani. Na mama mwenye kesi ya shamba alimvuta wakili wake kando amuulize: kesi "kutajwa" maana yake imesikilizwa au bado?

Tarehe 13 Machi serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya. Siku mbili baadaye Jaji Mkuu David Maraga akatangaza kwamba shughuli za mahakama zitapunguzwa, mambo ya dharura pekee yakibaki. Korido ikanyamaza.

Yaliyofuata huelezwa kwa kawaida kama hadithi ya kompyuta: korti zilifungwa, majaji wakajifunza kusoma hukumu kwenye skrini, mambo yakasonga. Ni kweli, ila ni nusu ya jambo. Sheria haikubadilika sana mwaka ule. Ilichobadilisha ni mahali pa kukutana na mwananchi. Kwa wengine ilihamia kwenye simu. Kwa wengine ilihamia barabarani, mbele ya kizuizi cha polisi, baada ya jua kuzama.

Tuanze na simu. Kanuni nyingi zilizowaokoa mawakili zilikuwa zimeshaandikwa kabla ya virusi kufika. Februari 2020 kanuni za mashauri ya madai zilirekebishwa ili mtu aweze kupelekewa hati za kesi kwa baruapepe au kwa programu za ujumbe kama WhatsApp. Mwanzoni mwa Machi yakachapishwa maelekezo ya kuendesha kesi kielektroniki. Tarehe 18 Machi Rais akatia sahihi sheria ya kurekebisha sheria za biashara, iliyoipa sahihi ya kielektroniki nafasi katika mikataba na hati za ardhi. Kwa hiyo janga halikubuni chochote hapo. Liliondoa tu kisingizio cha kungoja. Kufikia tarehe 1 Julai, kesi za Nairobi zilianza kufunguliwa kwa mtandao, ada ikilipwa kwa M-Pesa, na mpeleka hati aliyezoea kubisha milango mtaa kwa mtaa akawa anaapa kwamba ameziona zile tiki mbili za WhatsApp.

Faida ilikuwepo, tena kubwa. Wakili wa Kisumu hakuhitaji tena kusafiri usiku kucha kwa ajili ya shauri la kutajwa dakika tano. Kilichozaa vichekesho ni adabu: mawakili walijitokeza mbele ya jaji wakiwa ndani ya gari linalokwenda, wengine wakakemewa kwa mavazi, na sentensi iliyosikika kuliko zote katika korti za Kenya mwaka huo huenda ilikuwa "Mheshimiwa, unanisikia?"

Hasara haikuonekana haraka hivyo, maana iliwaangukia wasio na pa kuisemea. Chukua mshtakiwa wa jinai aliye rumande. Zamani alisimama kizimbani, na wakili wake akiwa hatua chache tu mbele yake. Shahidi akisema uongo, mshtakiwa aliinama, akanong'ona, na swali likabadilika papo hapo. Sasa yeye yumo kwenye chumba cha gereza akitazama skrini, wakili yumo ofisini, na pembeni yupo askari jela. Huwezi kunong'ona kwenye skrini. Kuna pia Ibara ya 50 ya Katiba, inayotaka kesi isikilizwe hadharani. Mlango wa Milimani uliachwa wazi kwa yeyote mwenye miguu, naye hakuulizwa ana bando kiasi gani. Kiungo cha mtandao kilichobandikwa kwenye orodha ya kesi ni mlango pia, ila wenye kuuona ni wachache.

Nje ya jengo kulikuwa na uchumi mzima uliokula kwa korido hiyo: wachapaji wa hati, makamishna wa viapo, wenye mashine za fotokopi, mama wa chai. Hao hakuna kanuni iliyowataja.

Sasa twende barabarani. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8, nauli ikapanda, na waliokosa nafasi wakatembea huku wakiangalia saa. Jiji lililozoea kuishi usiku likajifunza kukimbia mchana. Siku hiyohiyo, huko Likoni, Mombasa, polisi waliwapiga na kuwarushia vitoza machozi watu waliokuwa wakingoja feri, kabla hata ya saa moja kufika. Shirika la Human Rights Watch baadaye liliripoti kwamba watu wasiopungua sita waliuawa kwa mkono wa polisi katika siku kumi za kwanza za kafyu.

Hapa kuna kitendawili ambacho wanasheria walikiona mapema. Ukikamatwa saa moja na nusu jioni, Katiba inakupa haki ya kumwita wakili. Lakini wakili naye amefungiwa nyumbani: katika orodha ya huduma zilizoruhusiwa kutembea usiku, uwakili haukuwemo. Haki ilikuwa nzima kwenye karatasi, na mbebaji wake hana ruhusa ya kutoka nje ya lango.

Chama cha Wanasheria wa Kenya kilikwenda Mahakama Kuu. Hukumu ya Jaji Weldon Korir ya tarehe 16 Aprili inafaa kusomwa polepole, maana iligawanya vitu viwili ambavyo mitaani vilichanganywa. Kafyu yenyewe, alisema, ni halali. Nguvu waliyotumia polisi kuitekeleza inakiuka Katiba. Anayedhani hapo kuna kujipinga asahau kidogo virusi. Sheria ikikukataza kutoka nje usiku, nawe ukatoka, umetenda kosa. Kazi ya askari ni kukukamata na kukufikisha kortini ndani ya saa 24, na adhabu hutolewa na hakimu. Rungu halimo katika orodha ya adhabu. Jaji akaagiza pia mawakili na maafisa wa mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, waingizwe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutoka.

Mwezi uliofuata ulionyesha kikomo cha amri zilizoandikwa mbali na mtaa. Tarehe 4 Mei matingatinga yaliingia Kariobangi, Nairobi, na maelfu ya watu wakaachwa bila makao katikati ya janga na msimu wa mvua, ilhali kulikuwa na amri ya mahakama ya kuzuia ubomoaji. Amri ilitolewa. Nyumba zikaanguka. Zile familia zilizoambiwa zikae nyumbani hazikuwa tena na nyumba ya kukaa.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Matatu zilikuwa zimeshajaa tena tangu Agosti. Mtandao haukuondoka: Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome alizindua ufunguaji wa kesi kielektroniki katika korti zote nchini, na mashauri mengi ya kutajwa hayajarudi koridoni. Vibanda vya kupiga chapa vilivyobaki vimenunua skana, na mwenye kibanda humfungulia kesi mtu asiye na wakili, humlipia kwa simu, kisha humtolea nakala ya karatasi. Karatasi hiyo mahakama haiihitaji. Mteja huikunja na kuitia mfukoni hata hivyo, kwa sababu anajua siku tingatinga likija, au askari akimsimamisha, swali atakaloulizwa ni lilelile la zamani: muhuri uko wapi?