Mtoto Amekuja Kwako: Je, Serikali Inasaidia Nini?

Katika vijiji vya delta ya mto Rufiji, mtoto akifiwa na wazazi wake, swali la nani atamlea haliulizwi ofisini. Huulizwa nyumbani kwa marehemu, mara nyingi siku ya arobaini, wakati ndugu waliotoka Mbwera, Nyamisati na Dar es Salaam bado hawajatawanyika. Wazee huzungumza, na kabla ya jua kutua jambo limekwisha: mkubwa ataondoka na baba mdogo, wawili watabaki na bibi, na yule anayenyonya atakwenda kwa mama mkubwa. Hakuna karatasi inayoandikwa.

Desturi hii ni njema, wala hatuna nia ya kuibeza. Lakini gharama za kulea zimebadilika. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali za msingi, na za sekondari mpaka kidato cha nne, ila sare, madaftari, sabuni na nauli bado vinamngoja mlezi. Ndiyo maana akina mama wengi huuliza: serikali inamsaidiaje yule aliyempokea mtoto? Tumeona vema tulieleze jambo hili kwa undani, maana wengi hukosa haki zao kwa kutojua tu.

MALEZI YA KAMBO NI NINI?

Jina lenyewe huwatisha watu. Tukisikia neno "kambo" tunamkumbuka mama wa kambo wa hadithini, yule anayempa mtoto ukoko. Katika sheria, malezi ya kambo ni mpango wa kumweka mtoto katika familia isiyo ya wazazi wake, chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Si sawa na kuasili. Anayeasili hupewa amri na mahakama, na mtoto huwa wake kabisa. Mlezi wa kambo hutunza tu. Ukoo wa mtoto haubadiliki. Jambo hili ni la maana kwa majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika delta, kwa kuwa dini yao inahimiza kumlea yatima lakini haikubali kumfutia nasaba yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mlezi wa kambo awe na umri wa zaidi ya miaka 21, awe mtu wa tabia njema na mwaminifu, tena awe tayari na aweze kumtunza mtoto. Mwaka 2012 zikatoka kanuni za malezi ya kambo zinazoongoza kazi hiyo. Sheria yenyewe haidai utajiri. Mjane anayeuza maandazi anaweza kufaa kuliko mwenye nyumba ya ghorofa.

WAJIBU UPO, MFUKO UKO WAPI?

Hapa ndipo penye kukatisha tamaa. Sheria inampa mlezi wa kambo wajibu ule ule wa mzazi: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na hata nafasi ya kucheza. Haikumwekea posho ya kila mwezi. Kwa ufupi, wajibu umeandikwa lakini mfuko haukuandikwa.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inaiagiza halmashauri iweke rejista ya watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi, na iwape msaada inapowezekana ili wakue kwa heshima kati ya wenzao. Neno "inapowezekana" ni dogo lakini lina uzito. Halmashauri yenye mapato haba inaweza kujibu kwamba haikuwezekana. Lakini kuweka rejista si jambo la hiari. Mama anayeomba mtoto aandikwe haombi hisani.

TASAF HUHESABU KAYA

Fedha ambazo akina mama wengi wa vijijini wamewahi kuziona ni zile za Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulio chini ya TASAF. Ulizinduliwa Agosti 2012, na awamu yake ya pili Februari 2020. Wanakijiji walitaja katika mkutano kaya walizoziona maskini kabisa. Kisha kila kaya ilijaziwa dodoso, majibu yakapimwa, na majina yakarudishwa mkutanoni kuthibitishwa. Waliopokea fedha kwa niaba ya kaya zao wengi wao walikuwa wanawake.

Mpango huu umewasaidia wengi, nasi hatuupuuzi. Lakini ulilenga kaya maskini. Haukuundwa kwa ajili ya walezi wa yatima. Tuchukue mfano. Katika awamu ya kwanza kaya ilipewa shilingi 10,000 kwa mwezi kama ruzuku ya msingi. Ikiwa ina watoto iliongezewa shilingi 4,000, wawe wachache au wengi. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi anayehudhuria masomo alileta shilingi 2,000, lakini waliohesabiwa hawakuzidi wanne. Basi bibi mwenye wajukuu wanne shuleni aliweza kupata shilingi 22,000 kwa mwezi. Je, akiletewa wengine wawili baada ya msiba? Alibaki na shilingi 22,000 zile zile, na sufuria ile ile ya watu watano sasa ni ya watu saba.

Tena mfikirie baba mdogo mwenye mtumbwi wa injini na genge dogo. Kwa vipimo vya dodoso anaweza kuonekana si maskini, ingawa amepokea watoto watatu wa marehemu kaka yake. Huyo hakupata kitu. Mpango haukukosea hesabu; uliuliza kaya ina nini, na haukuuliza imebeba nani.

Bima nayo ilikuwa vivyo hivyo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioanza mwaka 2018, ulitoza kaya shilingi 30,000 kwa mwaka, na kaya ilihesabiwa kuwa ya watu sita. Mtoto wa saba, ambaye mara nyingi ndiye aliyeletwa mwisho, alibaki nje. Mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Yafaa kila mlezi aulize katika zahanati au ofisi ya kata watoto anaowalea wanaandikishwaje.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Nchini Kenya, mwaka 2004, serikali ilianza kwa majaribio kutoa fedha kwa kaya zinazolea yatima na watoto walio hatarini. Ilianza na kaya 500 hivi katika Kwale, Garissa na Nairobi, kwa shilingi 500 za Kenya kwa mwezi. Baadaye mpango ulienea nchi nzima na kiasi kikafika shilingi 2,000. Umaskini ulipimwa, lakini sharti mojawapo lilikuwa kwamba ndani ya kaya awemo yatima au mtoto aliye hatarini. Yaani kumpokea mtoto kulihesabiwa.

Usidhani kwamba nchi tajiri hazina mashaka haya. Huko Marekani, jimbo la Illinois liliwahi kuwalipa walezi wasio ndugu zaidi ya ndugu waliowachukua watoto wa damu yao. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba ndugu aliyetimiza masharti asinyimwe malipo hayo kwa sababu tu ni ndugu. Lakini hata sasa serikali kuu ya huko, katika kuamua ni mtoto gani itamchangia jimbo fedha za malezi, inapima umaskini wa nyumba alikotolewa kwa vipimo vya Julai 1996, ingawa bei za vitu zimepanda mno tangu siku zile.

Kumlipa ndugu kwa kulea si fedheha wala si uzungu. Binti Farao alipomwokota Musa majini, alimpa mwanamke amnyonyeshe, akaahidi kumlipa ujira. Mwanamke yule alikuwa mama mzazi wa mtoto.

UGUMU WA DELTA

Mama wa visiwani, akitaka kuonana na afisa wa halmashauri, hungoja maji yajae, hupanda mashua au boti mpaka Nyamisati, kisha hutafuta gari la kumfikisha Kibiti mjini. Zamani, kabla wilaya ya Kibiti haijamegwa kutoka Rufiji, makao makuu yalikuwa Utete, mbali zaidi. Hata sasa safari humaliza siku nzima na fedha ya unga wa wiki. Akifika na kuambiwa "lete cheti", hurudi nyumbani na wengi hawaendi tena.

Na vyeti vyenyewe? Wazazi wengi hufia nyumbani na kuzikwa siku ile ile, na kifo hakisajiliwi. Kisha huja maji. Mafuriko ya mwaka 2024 katika Rufiji na Kibiti yaliharibu mashamba na makazi, na maji yakiingia ndani hayachagui kati ya mpunga na karatasi. Kadhalika mauaji yaliyoitikisa Kibiti, Mkuranga na Rufiji katika miaka ya 2016 na 2017 yaliacha wajane na watoto. Cheti cha kifo kinaweza kuonekana si kitu wakati wa majonzi. Lakini mtoto huyo akifaulu na kuomba mkopo wa elimu ya juu kama yatima, ataulizwa vyeti vya vifo vya wazazi wake.

JIHADHARI NA "NITAMLEA MJINI"

Iko hatari nyingine ambayo hatuna budi kuitaja waziwazi. Mzigo ukimwelemea bibi, hutokea mtu mwenye maneno matamu akisema atamchukua binti akamsomeshe Dar es Salaam. Wako wanaotimiza ahadi. Wako pia wanaomfanya mtoto wa miaka 10 kuwa mtumishi wa ndani bila mshahara, huku wakiita kazi hiyo malezi. Sheria hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Uangalizi wa afisa ustawi wa jamii umewekwa kwa ajili ya watoto kama hawa. Bibi asimtoe mtoto kabla mtendaji wa kijiji hajaandika nani anamchukua, anampeleka wapi, na atasoma shule gani. Mtoto mwenyewe naye aulizwe. Sheria inampa haki ya kusikilizwa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kikao cha ukoo kikiisha, mtu mmoja aende kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, ahakikishe majina ya watoto yamehamishiwa katika kaya iliyowapokea. Aombe pia waingizwe katika rejista ya watoto walio hatarini.

Pili, vifo visajiliwe RITA mapema, hata kama vimekwisha kupita. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vifungwe katika mfuko wa plastiki na kuwekwa mahali pa juu. Nakala ahifadhiwe ndugu anayekaa nje ya bonde.

Tatu, ikiwa kaya imo katika mpango wa ruzuku, mabadiliko ya idadi ya watu yatolewe taarifa kwa wasimamizi wa kijiji. Asiyesema atahesabiwa kwa watu wa zamani.

Nne, vikundi vya akina mama makanisani visikimbilie kujenga makao mapya ya yatima. Makao yana gharama kubwa na huwatoa watoto kwa ndugu zao. Nauli ya boti kwa bibi mmoja na mwenzake wa kumsindikiza, pamoja na ada ya cheti, huenda zikafanya kazi kubwa kuliko matofali. Msaada huo umfikie mlezi wa dini yoyote, maana njaa ya mtoto haina dhehebu.

Mwisho, katika mikutano ya kijiji na mbele ya madiwani na wabunge, tuulize bila haya: katika bajeti ya halmashauri, watoto walio katika rejista wametengewa shilingi ngapi mwaka huu? Swali hili liulizwe kila mwaka, na jibu lisomwe kwa sauti.