Maikrofoni ya Dainamiki na Kunasa Usemi: Mfano wa Lanet

Mtafiti wa lugha anaponasa usemi wa mzee, huenda asipate nafasi ya kuunasa tena. Kwa hiyo uteuzi wa maikrofoni si jambo la mafundi peke yao. Katika Lanet, mashariki ya jiji la Nakuru, barabara kuu itokayo Nairobi na reli hupita karibu na makazi ya watu. Nazo nyumba nyingi zimeezekwa mabati, hata mvua ikinyesha hapana kinachosikika.

Maikrofoni ya kondensa huhitaji umeme, kwa kawaida wa volti 48, nayo hupokea hata mnong'ono. Ile ya dainamiki haihitaji umeme wa nje: sauti hutikisa utando uliofungwa koili ya waya, koili ikachezacheza kati ya sumaku, na hapo umeme mdogo ukazaliwa.

Husemwa kwamba dainamiki haisikii kelele. Kauli hii si sahihi. Kelele huipokea, ila msemaji huisogelea kiasi cha kiganja kimoja, sauti yake ikaishinda ya lori. Aghalabu hupokea zaidi upande wa mbele, basi mgongo wake na uelekezwe barabarani. Kwa mtayarishaji wa podikasti, atakaye maneno yafahamike tu, hayo yatosha.

Kwa mwanafonetiki hayatoshi. Ukaribu huo huo huongeza nguvu ya mitetemo ya chini, na apimaye nguvu hiyo ili kueleza namna ya sauti ya msemaji atakuwa anapima maikrofoni. Shure SM58, iliyotolewa mwaka 1966 na ingali ikitumika, hupokea kati ya hezi 50 na 15,000, lakini huyainua masafa ya juu kidogo, hivyo vikwamizi kama /s/ na /sh/ haviwi vile vilivyotamkwa. Mtafiti wa toni za Kikikuyu au Kikalenjin hana hasara hiyo, maana kimo cha sauti hakibadiliki.

Hatari kubwa zaidi imo katika vipasuo. Baadhi ya wasemaji wa pwani hutofautisha *paa* la nyumba na *p'aa* mnyama kwa mpumuo tu. Maikrofoni iwekwapo mbele kabisa ya mdomo, pumzi huipiga kwa kishindo, na katika mchoro wa sauti kishindo hicho chaweza kudhaniwa kuwa mpumuo ambao msemaji wa Lanet hakuutamka. Heri iwekwe pembeni mwa mdomo, ikiwa na sponji.

Tena dainamiki hutoa umeme hafifu. Shure SM7B hutaka ukuzaji wa desibeli 60 hivi, na vinasa sauti vya bei nafuu vikikuza kiasi hicho huongeza mvumo wao wenyewe juu ya usemi. Afadhali kifaa hicho kijaribiwe kwanza pamoja na maikrofoni yenyewe, chumbani kimya, kabla mzee hajaketi. Na kama malori yametulia usiku na mvua haipo, kondensa ndiyo itumike, umbali wake ukiandikwa daftarini.