HOTELI YA 'JAMBO', DOLA ZA DADA NA BIBI WA ITUMBA

Mpenzi msomaji, wiki hii sikuletei kisa cha fumanizi wala cha mapenzi yaliyovunjika. Nakuletea kisa cha hoteli. Usifunue ukurasa mwingine kwanza, maana humu ndani mna dola, mna twiga, na mna bibi kizee mmoja aliyenifanya nijione mjinga mbele ya macho yangu mwenyewe.

Nilikuwa Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, mkoani Songwe. Kwa nyie watoto wa mjini mnaodhani Bongo inaishia Tunduma, ukifika Mpemba unaiacha barabara kuu ya kwenda Zambia, unachepuka kuelekea Isongole mpakani na Malawi, unapandisha milima. Ilikuwa Juni. Juni huku si mchezo, bwana! Ni blanketi, soksi na chai ya moto. Saa mbili usiku nilikuwa nimejikunyata kando ya jiko la mkaa, Bibi yangu mzaa mama akinichomea viazi, mara simu ikaita. Dada, kutoka Unyamwezini.

Dada yangu ni nesi Houston, Texas. Kwake ilikuwa saa sita mchana.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hebu nisaidie, kichwa kinaniuma. Nataka kuwapeleka watoto Disney, ila hoteli zimenishinda kuchagua."

Watoto wenyewe ni wawili, wa miaka tisa na wa miaka sita. Wote wamezaliwa huko huko. Bibi hajawahi kuwashika mkono hata siku moja. Anawajua kwenye kioo cha simu tu.

HOTELI KAMA SINEMA

Kama hujui, Walt Disney World ya Florida ilifunguliwa Oktoba 1971. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 100, na ndani yake mna viwanja vinne vikubwa vya burudani na hoteli zaidi ya 20. Sasa hizi hoteli si kama gesti zetu za kitanda, neti na ndala mbili za rangi tofauti. Kila moja imejengwa kama sinema. Polynesian imejifanya visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Wilderness Lodge, ya mwaka 1994, imejifanya nyumba ya magogo katika misitu ya Marekani. Contemporary ndiyo kiboko, treni yake ya reli moja inapita katikati ya jengo, watu wanakula huku treni inawapita juu ya vichwa!

"Lakini mwanangu mkubwa anataka moja tu," Dada akasema. "Animal Kingdom Lodge. Upande mmoja unaitwa Jambo House. Ameniuliza, 'Mama, hapo Jambo ndipo kwenu?'"

Nikacheka. Dada hakucheka.

JIKO, BOMA NA ZAHANATI

Hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka 2001. Vyumba vingine vina roshani zinazotazama uwanda wa nyasi, unaamka asubuhi unamwona twiga anakula majani, na pundamilia nao wapo. Majina waliyoyatumia sasa, utadhani umefika kwa shangazi. Mgahawa mmoja waliuita Jiko, mwingine Boma, mwingine Sanaa. Bwawa la kuogelea, Uzima. Uwanda mmoja wa wanyama, Arusha. Upande wa pili wa hoteli, uliofunguliwa mwaka 2009, unaitwa Kidani Village. Na sehemu ya kukandwa mwili na kufanya mazoezi waliipa jina la Zahanati.

Nikaweka simu sauti kubwa ili Bibi naye afaidi. Nikamsomea orodha nzima.

"Zahanati?" Bibi akashtuka. "Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, Bibi. Wanakwenda kukandwa."

"Na hapo Bomani wanapika chakula? Mkuu wa Wilaya anakaa wapi?"

Hapo mimi na Dada tuliangua kicheko mpaka viazi vikataka kuungua. Kwa Bibi, boma ni pale bomani panapopepea bendera. Nilipofika kwenye Jiko, akanigeukia: "Hilo jiko la huko waachie wenyewe. Wewe mume wangu, jiko lako utalileta lini?" Nikaishiwa pozi. Si unajua bibi zetu na utani wao!

HESABU ZIKAANZA KUUMA

Tukaacha kicheko, tukaingia kwenye mshiko. Hapa ndipo panapowatoa wengi jasho, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Kwanza, hoteli ni mbali na tiketi. Kulala ndani ya eneo la Disney hakukupi ruhusa ya kuingia kwenye michezo. Tiketi ya siku moja kwa mtu mmoja inapita dola 100, mtoto wa chini ya miaka mitatu ndiye anayeingia bure. Dada na wanawe wawili ni tiketi tatu kila siku.

Pili, hoteli zao zimegawanywa madaraja: za bei nafuu, za kati na za kifahari. Animal Kingdom Lodge ni ya kifahari. Chumba cha kutazama twiga kwa usiku mmoja kinaweza kuzidi dola 500. All-Star, ambazo ni za daraja la chini zenye mapambo ya michezo, muziki na sinema, msimu usio na watu wengi unaweza kupata chumba chini ya dola 200. Kitanda kipo, bafu lipo, bwawa lipo.

Tatu, usafiri. Hii watu wanaisahau. Ukilala Contemporary unatembea kwa miguu mpaka Magic Kingdom, kiwanja chenye kasri la kifalme. Ukilala Pop Century, kuna vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya tangu mwaka 2019, vinakupeleka mpaka EPCOT na Hollywood Studios. Hoteli ya Jambo, pamoja na utamu wake wote, iko pembeni, na kila unakokwenda unasubiri basi. Na mtoto wa miaka sita aliyechoka saa nne usiku kituoni, mwanangu, usiombe!

Tukapiga hesabu. Tofauti ya usiku mmoja kati ya twiga na All-Star ni dola 300 au zaidi. Kwa usiku tano, dola 1,500. Dada akanyamaza. Najua alichokuwa anakiwaza, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiwaza hicho hicho. Pesa hiyo inakaribia nauli ya ndege ya mtu mmoja kuja Bongo.

Bibi ana zaidi ya miaka 80. Dada ana miaka 11 hajakanyaga Itumba. Kila mwaka ulikuwa na lake: mara mimba, mara masomo, mara nyumba, mara corona.

Nikafungua mdomo wangu mbovu: "Dada, kwa nini usiwalete tu huku? Twiga wapo Mikumi, barabarani, bure."

Na ni kweli. Barabara kuu ya kutoka Tunduma kwenda Dar inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilometa 50. Unapita kwa nauli ya basi, unachungulia dirishani unaona twiga, tembo, swala. Dereva anapunguza mwendo kwa matuta na faini, abiria wanagombania dirisha. Kule Florida, kwenye kiwanja cha Animal Kingdom kilichofunguliwa mwaka 1998, wamejenga kijiji kizima cha kuigiza mji wa Waswahili wakakiita Harambe, na safari ya gari la kuona wanyama wakaiita Kilimanjaro. Wanalipa kuona tunachokipita tumelala.

Dada akapandisha. "Unadhani sipendi kuja? Wewe uko Dar, basi moja tu. Umekwenda kwa Bibi mara ngapi?"

Msomaji, hapo nilitamani ardhi ipasuke. Mwaka mmoja tu nimekwenda kujirusha na washkaji kwenye mabwawa ya Wet 'n' Wild pale Kunduchi mara tatu. Siku moja tulilala kabisa hotelini ufukweni, tukapiga picha, tukajiona matajiri. Itumba nilikuwa sijafika miaka minne. Ndege za Dar kwenda Songwe zipo, mabasi ndiyo usiseme. Kisingizio sikuwa nacho.

BIBI AKATA SHAURI

Bibi alikuwa amenyamaza muda wote, anageuza viazi. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kindali: "Acheni kugombana kwa ajili yangu. Huyo mtoto mkubwa nipeni niongee naye."

Mtoto akaja kwenye simu. Kwa furaha zote akapaza sauti: "Jambo, Bibi!"

Bibi alinitazama. Hajawahi kusalimiwa 'jambo' na mjukuu katika maisha yake, hiyo tunawaachia watalii. Kule nyuma nikamsikia Dada ananong'ona, mtoto anarudia kwa kujing'ata ulimi: "Shi-ka-moo, Bibi."

"Marahaba, kitukuu changu," Bibi akajibu, akajifuta macho kwa upande wa kitenge. Akasema ni moshi. Mkaa ulikuwa umekolea, hakuna moshi wowote. Halafu akamwambia Dada maneno mafupi: "Mpeleke mtoto akacheze, utoto haurudi. Ila usilale kwenye nyumba ya gharama kwa sababu ina majina yetu. Majina yetu yako huku, na mimi bado nipo. Kwa sasa."

Hilo la mwisho ndilo lililomaliza mjadala.

Basi Dada amechagua hivi. Usiku tatu badala ya tano, All-Star. Siku moja atawapeleka watoto kwenye hoteli ya Jambo kula pale Boma, kwa sababu hata asiyelala pale anaweza kuweka nafasi ya chakula, akaingia ndani, akawatazama twiga kutoka sehemu ya wageni wote. Kila dola iliyobaki inaingia kwenye akaunti ya nauli, Juni ijayo, tiketi tatu. Nimemwambia alete makoti.

NA WEWE UNAYEPANGA SAFARI

Iwe ni Florida au ni Kunduchi wikiendi hii, kabla hujalipia jiulize mambo machache. Mchana kutwa mtakuwa chumbani au kwenye michezo? Kama ni kwenye michezo, chumba cha fahari mnakilipia mkiwa hampo. Kutoka hapo mpaka getini mnakwenda kwa miguu, kwa basi au kwa bodaboda, na usiku mtarudije na watoto? Kiingilio kimo kwenye bei ya chumba au ni mbali? Ulizia kwa maandishi, ya mdomoni huyayuka. Na kile kitu kimoja unachokitamani kwenye hoteli ya bei mbaya, je, huwezi kukipata kwa sahani moja ya chakula?

La mwisho ni langu mwenyewe. Nimeshakata tiketi ya basi ya Desemba kurudi Itumba. Washkaji wa Kunduchi mnisamehe, safari hii sipo. Bibi ameshaniambia nisije mikono mitupu, na kwamba kama sijaleta jiko, basi nilete angalau sukari.

Tukutane wiki ijayo.